Watu wa Bendera

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku niliyooa. Naomba uniwie radhi kwa kusema hivyo, na mama yenu asisikie. Lakini jana ulipokuja kunieleza kwamba vijana wenzako wamekukabidhi kazi ya kutafuta watu wa bendera kwa ajili ya mbio za pikipiki za mwaka huu, nililala nikiiwaza siku hiyo. Nikaona nisikuache uende bila kukusimulia.

Ilikuwa kabla mkoa wetu haujaitwa Simiyu. Pikipiki ndiyo kwanza zimeanza kuwa nyingi hapa Bariadi, na kila kijana aliyeweza kuwasha moja alijiona yeye ndiye upepo. Tukasema, badala ya kukimbizana barabarani na kuua mbuzi wa watu, tufanye mbio za heshima. Pamba ilipokwisha kuvunwa tulipewa uwanja nje ya mji, tukachonga njia ya vumbi yenye kona nane. Nikachaguliwa kuwa katibu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nina filimbi shingoni na kofia mpya, na kichwa kilikuwa kikubwa kuliko kofia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kama yako: kupata watu wa kujitolea. Kila kona inahitaji mtu mwenye bendera ya njano. Mpanda pikipiki akianguka, mtu huyo anaipunga ili wanaokuja nyuma wapunguze mwendo, kisha anamsaidia aliyeanguka. Nilihitaji watu wanane, nikawapata kwa siku moja tu. Unajua nilivyowapata? Kwa ulimi. Nilimwambia kila mmoja, "Kazi nyepesi. Utasimama mbele kabisa, utaziona mbio bure, na utapata fulana." Sikumwambia hata mmoja kwamba pikipiki iliyopoteza njia haichagui wa kumgonga. Ukweli ni kwamba hata mimi mwenyewe sikuwa nimeliwaza jambo hilo. Nilikuwa nawaza wageni waalikwa, viti vyao na kivuli chao.

Mmoja wa hao wanane alikuwa Kulwa, kijana wa Zagayu, mkulima, mwenye mabega ya kubeba magunia mawili. Mwingine alikuwa Minza, fundi cherehani wa hapa mjini, dada wa maneno machache. Yeye ndiye aliyetushonea bendera zote. Alipozileta aliniuliza, "Kaka Maduhu, na nyekundu ya kusimamisha mbio, kila kona itakuwa nayo?" Nikacheka. Nikamwambia nyekundu ni moja, nami ndiye nitakayekaa nayo pale mwanzo, maana kila mtu akiwa na uwezo wa kusimamisha mbio, hazitakwisha. Akanitazama kidogo, akaondoka.

Basi siku ya mbio nikampeleka Kulwa kona ya saba, iliyo kali kuliko zote. Nikamsimamisha upande wa nje wa kona. "Kaa hapa," nikamwambia, "utaona vizuri." Peke yake, hana hata kigogo cha kujikinga, na jua la kiangazi unalijua. Kuanzia asubuhi mpaka saa tisa hakuna aliyempelekea maji wala aliyekwenda kumpokea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: mimi nilikuwa chini ya turubai nakunywa soda na wageni.

Saa tisa mpanda pikipiki mmoja akaanguka kona ya saba. Kulwa alikuwa amechoka, lakini alikimbia. Akaiweka bendera kwapani, akainama kumvuta yule kijana aliyebanwa mguu chini ya chombo chake. Sasa fikiri, mwanangu. Mtu ni mmoja. Akiinama kuokoa, nani atapunga bendera? Pikipiki ya pili ikatokea ndani ya vumbi, ikampiga Kulwa mguu wa kushoto, akaanguka juu ya yule aliyekuwa anamwokoa.

Nyuma yao zilikuwa zinakuja nyingine tatu, zimebanana.

Minza alikuwa kona ya sita. Aliona yote. Njano alikuwa nayo, lakini wale watatu walikuwa wamekwisha kuizoea njano, wanaipita kama wanavyopita kichaka. Basi akavua khanga yake begani, khanga nyekundu, akaingia hatua mbili njiani akaipunga kwa mikono miwili huku akipiga kelele. Wakafunga breki. Wa mwisho aliteleza akalala na pikipiki yake miguuni pa Minza, akainuka bila hata mchubuko.

Mimi kule mwanzo sikuona kitu ila kwamba mbio zimesimama na wageni wanaulizana. Nikakimbia kona ya sita nikiwa nimevimba kwa hasira. Nikamfokea mbele ya watu: "Nani amekuruhusu kusimamisha? Nyekundu ni yangu!"

Minza hakupandisha sauti. Alisema, "Kulwa yuko chini," akanipita akaenda zake kona ya saba.

Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nimejikwaa dole mara nyingi maishani, na maumivu yake yamekwisha. Ya ulimi ule bado nayasikia. Nilipofika kona ya saba nikamkuta Minza amepiga magoti, anaufunga mguu wa Kulwa kwa khanga ileile na mti wa bendera, na Kulwa ameuma meno. Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti; wale wapanda pikipiki wawili walikuwa na michubuko tu. Tukampakia kwenye gari la mizigo, akapelekwa hospitali. Minza ndiye aliyepanda naye. Mimi nilibaki, nikasema nawaaga wageni. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa naogopa.

Niliogopa siku tatu. Siku ya nne nikaona aibu ya kukaa ni kubwa kuliko aibu ya kwenda, nikaenda Zagayu kwa baba yake Kulwa, Mzee Mabula. Njiani nilitunga maneno mengi: bahati mbaya, kazi ya Mungu, mchezo ndivyo ulivyo. Nikamkuta anawafungua maksai wake baada ya kulima bustani ya bondeni. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba." Akaitikia vizuri tu. Akaniletea kigoda, akamwambia mkewe anipatie maziwa. Mwanangu, hakuna kitu kizito kama kunywa maziwa ya mtu uliyemuumizia mtoto.

Nilipomaliza kunywa nikaanza maneno yangu ya bahati mbaya. Akainua mkono.

"Maduhu," akasema, "wewe ukija kuazima maksai wangu, utaniambia nini?"

Nikawatazama maksai.

"Utaniambia unakwenda kulima shamba lipi. Nitakuuliza lina visiki au halina. Nitakuuliza jioni watanywa maji wapi, na wakichoka nani atawafungua nira. Usiponijibu, hutoki nao hapa. Sasa, ng'ombe nawaulizia hivyo. Mwanangu ulimchukua, hukuniambia lina visiki. Yeye mwenyewe hukumwambia."

Unajua ule msemo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu? Kulwa alisikia la mkuu. Alisimama palepale alipoambiwa. Mkuu nilikuwa mimi, na guu likavunjika vilevile. Nikalia, mwanaume mzima, katibu, mbele ya maksai.

Mzee Mabula aliniacha nilie. Kisha akasema neno ambalo ninamshukuru kwalo mpaka leo, yeye akiwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Hakusema toka. Alisema, "Kesho nakuja hospitali kumwona. Nikitoka huko unipeleke nikapaone mahali penyewe."

Kesho yake tulikwenda uwanjani, mimi na yeye. Hakuwa amewahi kupanda pikipiki. Lakini alikuwa ameswaga mkokoteni wa ng'ombe miaka yote, na anajua kitu kizito kikikata kona kinatupwa upande gani. Tulipofika kona ya kwanza akauliza, "Kikianguka hapa, kinakwenda wapi?" Nikaonyesha upande wa nje. "Na mtu wako ulimweka wapi?" Upande uleule wa nje. Kona ya pili, swali hilohilo. Ya tatu, hilohilo. Tulipofika ya saba hakuuliza. Alisimama pale mwanawe aliposimama, akatazama njia zinakotokea pikipiki, akatikisa kichwa taratibu. Mimi nilitamani angenichapa fimbo yake.

Jioni ile nikaenda kwa Minza. Nikamkuta kwenye cherehani, watu wamejaa. Nikasema nimemkosea mbele ya watu, basi namwomba radhi mbele ya watu. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini mwakani mkinitaka, nakuja na nyekundu yangu. Nikiiinua, asiniulize mtu mpaka njia iwe tupu. Hata wewe."

"Hata mimi," nikasema.

Mwaka uliofuata tulitafuta watu pamoja, mimi na Minza, nyumba kwa nyumba. Safari hii tulisema yote. Tulisema ni kazi ya hatari, kuna mtu amevunjika mguu, na mtu huyo mnamfahamu. Kwa kijana tulizungumza mbele ya wazazi wake, kwa mwenye ndoa mbele ya mwenzake. Mfanyabiashara mmoja pale sokoni, mtu wa utani mwingi, alituambia, "Kumbe ni hivyo? Basi mimi simo, nina watoto." Nikamshukuru kwa moyo wote. Heri anikatalie dukani kwake kuliko anikimbie kona ya saba. Yuleyule alitupatia magunia matupu, rundo zima, na watu wa mpunga wakatupatia pumba za kuyajaza. Tukayapanga kila kona yawe kinga ya watu wa bendera.

Tulipata watu saba tu. Wenzangu kwenye kamati wakasema saba hawatoshi kona nane. Nikasema ni kweli, basi hatuna kona nane, tuna kona tatu. Walinuna! Walisema mbio zitakuwa za kitoto. Tukaichonga njia upya, kona tatu, na kila kona nyekundu yake na watu wawili nyuma ya magunia, mmoja wa kuokoa na mmoja wa kupunga, asiyeacha bendera hata mwenzake akiita. Wa saba alizunguka na ndoo ya maji, anampokea aliyechoka. Siku moja kabla tukawakusanya, tukawafundisha kusimama, kukimbia, kuita kwa filimbi, na kutokipa kisogo kamwe chombo kinachokuja. Wapanda pikipiki nao tukawaambia waziwazi: atakayeipita njano bila kupunguza mwendo, mbio zake zimeishia hapo. Wa kwanza kutolewa alikuwa binamu yangu. Hatukusalimiana mpaka msimu wa kupanda.

Mzee Mabula alikuja siku hiyo. Hakukaa kwa wageni. Alizunguka kona zote tatu, anayapiga magunia teke kupima, kama mtu anayepima ukuta wa zizi. Alipomaliza akaja mpaka niliposimama, akanishika mkono, akasema, "Wabeja." Nilikuwa nimewahi kushukuriwa na wakubwa kwenye kipaza sauti. Hakuna shukrani iliyowahi kuniingia kama ile.

Utaniuliza Kulwa. Kulwa hakurudi kusimama kona, wala sikuthubutu kumwomba. Mguu ulipona kwa kupinda kidogo, anachechemea, analima mpunga wake, ana watoto sita. Nikikutana naye mnadani yeye ndiye anayetangulia kunisalimia, na hilo kwangu ni neema tupu. Mwaka mmoja nilianza tena kumwomba msamaha, akanikata: "Hayo nimekwisha kuyasikia, Maduhu. Niambie, ile kona kali, mwaka huu mmeweka watu wawili?" Nikamwambia ndiyo. "Haya," akasema, akaendelea kuchagua jembe.

Basi, mwanangu, umeyasikia. Nami nakuusia waziwazi, usije ukasema mzee alisimulia tu akanyamaza. Usimvute mtu kwa fulana. Mwambie hatari kwanza, faida baadaye, na akikataa mshukuru. Usimweke mtu mahali ambapo wewe mwenyewe hujasimama pikipiki zikipita. Nenda ukasimame, usikie miguu yako inakuambia nini. Asikae peke yake, asikae na kiu, asikae upande ambao chombo kinatupwa. Ukiwa na watu wachache, punguza mbio, usipunguze kinga. Mpe uwezo wa kusimamisha kila kitu, na akisimamisha, muulize nani yuko chini kabla hujamuuliza kwa nini. Na mtu akiumia mikononi mwako, nenda kwao siku hiyohiyo. Usingoje siku ya nne kama mimi.

Watu hawa hawashindanii kikombe, na anayeshinda hata majina yao hayajui. Wanatoa siku yao moja ili mtoto wa mwenzao apate kuzeeka. Mbio zikiisha, usiondoke uwanjani mpaka umemwona kila mmoja wao kwa macho yako, umemwita kwa jina.

Mungu akupe macho ya kuona kinachokuja nyuma ya vumbi. Akupe wa kukukemea wasiokuchukia, kama alivyonipa mimi. Na wale wote utakaowachukua kwao asubuhi, awawezeshe kurudi jioni kwa miguu yao wenyewe, wakute maji ya kuoga na ugali ungali moto. Amina, mwanangu. Nenda kawatafute.