Nukta bila nundu

Soko huria limetuletea hata kompyuta hapa Tukuyu. Juzi nilikuwa dukani Bulyaga alipoingia mwalimu mmoja asiyeona, kununua programu inayosoma skrini kwa sauti. Alitaka kutunga mitihani yake mwenyewe, bila kumtajia mtu maswali amwandikie.

Muuzaji akampa kasha. Mwalimu akalipapasa pande zote.

"Tangazo lilisema nambari ya leseni imeandikwa kwa nukta nundu, niisome kwa vidole. Iko wapi?"

"Si hizo hapo, Mwalimu! Nyeusi kabisa, hata mimi naziona."

Zilikuwa zimechapwa kwa wino, laini kama kioo.

Muuzaji akaona aibu. Alichukua rangi ya kucha kwenye rafu, akadondosha tone juu ya kila nukta, huku sisi wateja tukipuliza zikauke. Mwalimu akapitisha kidole taratibu, kisha akaangua kicheko mpaka akashika kaunta.

"Inasema: 'Nambari imo ndani. Mwombe mwenye macho akusomee.'"

Muuzaji akafungua kasha, akamsomea nambari, naye mwalimu akaitoboa kwa nukta nundu kwenye kadi yake.

Aliyebuni kasha lile alijua kabisa kwamba wateja wake hawaoni. Alichosahau ni kwamba wana vidole.