Anayeanza na Kinyesi

Daktari wa mifugo wa mtaani kwetu hamgusi mgonjwa kabla ya kuona kinyesi chake. Hukichokonoa kwa kijiti, akakinusa macho kafumba, kama mpishi anayesikilizia harufu ya mchuzi. Zamani nilikuwa nacheka. Juzi nilimpelekea mbwa wetu, hawezi hata kuinua mkia, nami nimeshaamua kuwa jirani kamwekea sumu. Daktari akakitazama kinyesi, cheusi kama lami, kisha akabonyeza fizi za mbwa kwa kidole gumba, akangoja rangi irudi. Ilichelewa.

"Nani kwenu anaumwa magoti?"

Nikaduwaa. "Mama."

"Mpigie."

Nikaweka simu spika, daktari akamuuliza mama amempa mbwa dawa gani. Mama hakuficha. "Alikuwa anachechemea, mwanangu, nikamwonea huruma. Nimempa vidonge vyangu vya magoti siku nne, kutwa mara mbili."

Daktari hakufoka. "Vimemchubua utumbo, mama, na bakteria wamepenya hadi kwenye damu. Tutapambana." Nilipotaka kukata simu akanizuia, akaisogeza sikioni mwa mbwa. "Mwite, mama."

Mama akamwita. Mkia ukainuka kidogo, ukaanguka. Nilipomgeukia daktari, sindano ya dawa ilikuwa imeshaingia mshipani, na mbwa, sikio bado kwenye simu, hakushtuka.