Mwongozo wa Mauti

Nilikuwa mtaalamu wa kifo kabla sijafiwa na mtu. Nasema hivi bila majivuno, maana majivuno yote niliyamaliza miaka ile nilipokuwa nafundisha Kiswahili kidato cha nne, katika shule moja ya sekondari pale Sumbawanga. Kwenye muhtasari kulikuwa na shairi moja la kale kutoka pwani, refu, lenye lugha ngumu, linalomfuata mtu tangu anapougua hadi anapoachwa peke yake kaburini huku jamaa zake wakirudi nyumbani kula. Walimu wenzangu walilikimbia. Mimi nililikimbilia.

Zilikuwa zama za ruksa. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yameota barabara nzima, mitumba imefurika sokoni, na wale tuliokuwa tukiwaita walanguzi wa mahindi sasa waliitwa wafanyabiashara na kupewa viti vya mbele harusini. Nami nikaona nisiachwe nyuma. Nikaandika mwongozo wa lile shairi, nikauchapa kwa stensili, nikaanza kuwauzia wanafunzi wa shule zote za mjini. Juu ya jalada nilichora fuvu la kichwa, ila kwa kuwa mkono wangu si wa kuchora, lilitoka kama kiazi kinachocheka.

Ndani nilieleza kwamba dhamira kuu ni hofu, na kwamba mshairi anatetemeka mbele ya mauti. Neno hilo "anatetemeka" nililipenda mno. Mwanafunzi akiandika "anaogopa" nilimkata nusu alama, kwa sababu mwongozo haukusema hivyo. Mwongozo ulikuwa wangu, usahihishaji ulikuwa wangu, na kwa mahesabu yangu hata mshairi mwenyewe angefufuka angelazimika kununua nakala.

Darasani mwangu alikuwamo msichana mmoja kutoka Milepa, kule bondeni, ambaye kwa Kiswahili alinizidi. Leo nakiri, wakati ule nilisema tu kwamba ana bidii. Alikuwa na tabia ya kunyoosha mkono kabla sijamaliza swali, na jibu lake mara nyingi lilikuwa zuri kuliko lile nililokuwa nimeandaa. Mwaka ule alifiwa na mama yake. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa darasa, na ni mimi niliyetia saini ruhusa yake ya kwenda kuzika. Aliporudi alikuta jaribio la lile shairi, akalifanya.

Aliandika kwamba mshairi hatetemeki hata kidogo. Aliandika kwamba mshairi anamtania marehemu. Yale maswali yote anayomuuliza, nyumba yako iko wapi, watumishi wako wako wapi, mbona hujibu, ni maneno ya mtani msibani. Kisha akatoa mfano: msibani kwao mtani alijifunga kanga ya marehemu, akashika mwiko wake, akazunguka uani akilalamika, "Sasa nani atanipikia dagaa wa Kabwe wenye mchanga?" Watu walicheka, na ndipo wakaweza kulia vizuri.

Nililisoma jibu lile kwa sauti mbele ya darasa. Nililisoma kwa madoido, hasa pale kwenye dagaa. Halafu nikamuuliza, "Umeambiwa uchambue shairi, au utuletee habari za jikoni kwenu?" Darasa likaangua kicheko. Nikampa sifuri, na pembeni, kwa wino mwekundu, nikaandika: Rejea mwongozo.

Tangu siku ile hakunyoosha mkono tena. Nikiuliza swali anainamia daftari. Nikimtaja anasimama, anajibu maneno ya mwongozo, neno kwa neno, anakaa. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani amenyooka. Baada ya majuma kadhaa nikaanza kuchoka na vipindi vyangu mwenyewe, maana nilikuwa nauliza na kujijibu, na majibu yangu yalikuwa yale yale.

Miezi minne baadaye baba yangu alifariki. Habari ililetwa na dereva wa lori la mahindi, aliyesimama getini akataka kwanza kuhakikisha kama mimi ndiye yule mwalimu wa kitabu cha fuvu. Nilipanda lori hilo hilo hadi kijijini kwetu. Sikulia njiani. Sikulia nilipomwona mama amekaa chini, midomo imekauka, hajala tangu jana yake. Mfukoni mwa koti nilikuwa nimeweka mwongozo. Rozari nilikuwa nimeisahau.

Baada ya misa tulikwenda makaburini, na jeneza liliposhushwa, padri akaniomba mimi, mtoto wa kwanza, niseme machache juu ya marehemu. Mtu mwingine angesema kwamba baba alilima ulezi na mahindi, akatulea, akatusomesha. Mimi nilikohoa kidogo, nikatoa mwongozo, nikatangaza kwamba nitasoma beti chache za shairi la kale na kuzifafanua.

Nilikuwa kwenye ubeti wa pili alipotokea mtani wetu. Ni mzee wa ukoo tunaotaniana nao tangu enzi za mababu. Tukifiwa wao wanakuja kutuchokoza, wakifiwa tunakwenda kulipiza. Alikuwa amevaa koti la baba, lile zito la mtumba ambalo baba hakulivua hata mwezi wa kumi na jua kali. Akaketi juu ya udongo uliochimbwa, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine kama baba alivyokuwa akikaa, akatega sikio kwa kiganja.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya baba, ile yenye mikwaruzo, "paza sauti. Huku chini hakusikiki."

Watu wakaguna. Nikajifanya sijasikia. Nikaendelea: "Katika ubeti huu mshairi anatetemeka mbele ya..."

"Nani anatetemeka?" akadakia. "Mimi nimelala, nimetulia. Anayetetemeka ni wewe hapo juu, tazama karatasi yako."

Nikaitazama. Kweli ilikuwa inatetemeka. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua, kisha wa pili, kisha kundi zima, na padri akageuza uso upande wa mashamba.

"Nimeuza ulezi miaka yote usome," mtani akaendelea, "leo nakufa, unanisomea notisi! Kitabu hicho umekiandika wewe? Basi nipe nikasome mwenyewe. Nakokwenda muda upo." Akaninyang'anya mwongozo, akaugeuza, akalitazama lile fuvu. "Na huyu ndiye mimi? Nimekonda hivi?" Akautupa kaburini. Ulitua juu ya jeneza, fuvu likiangalia juu.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka wanawake wenzake wakamshika mabega, halafu kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa, cha kumtua mtu mzigo. Nami nikalia. Nililia kwa makelele yasiyo na heshima yoyote ya ualimu, kamasi zikinitoka, na mtani akanikumbatia ndani ya koti la baba lililokuwa bado linanuka moshi wa jikoni kwetu. Jioni ile mama alikula ugali.

Zile beti nilizijua kwa moyo. Nilipokuwa nimekaa matangani zilinijia zenyewe, na kila ubeti niliusikia kwa sauti ya yule mzee. Mshairi hakuwa anatetemeka. Alikuwa ameketi juu ya udongo, mguu juu ya mguu, anamchokoza marehemu kwa sababu anampenda, na kwa sababu waliobaki wamekauka midomo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimefundisha mtetemeko wangu. Mtoto wa miaka kumi na saba, aliyetoka kumzika mama yake, alikuwa ameniandikia jambo hilo waziwazi, nami nikamfanya kichekesho. Nilijisikia vibaya sana, vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia kwa jambo lolote la kazini.

Tulipomaliza matanga nikarudi mjini. Siku ya kwanza niliingia darasani na kusema, kabla sijapoteza ujasiri, kwamba mwongozo una makosa, kwamba ile sifuri ilistahili kuwa alama zote, na kwamba ninaomba radhi. Nikawasimulia na mambo ya kaburini. Kijana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Sasa mwalimu, kwenye mtihani wa taifa tuandike anatetemeka au anatania?"

Ningependa kusema nilijibu kishujaa. Nilisema, "Kwenye mtihani andikeni anatetemeka." Wakacheka, na walikuwa na haki.

Kicheko kilipoisha nikaona mkono umenyooshwa. Ulikuwa wa yule msichana. Nikampa ruhusa, akasimama, nami nikajiandaa kusahihishwa jambo jingine.

"Mwalimu," akasema, "pole na msiba wa mzee."

Hapo nikakumbuka. Yeye aliporudi kutoka kumzika mama yake nilimpa karatasi ya jaribio. Pole sikumpa, siku ile wala siku nyingine yoyote.

"Na wewe pole," nikasema. "Pole na msiba wa mama."

"Asante, mwalimu," akajibu, "nimeshapoa." Akakaa, akafunika uso kwa daftari, na mabega yake yakaanza kutikisika.