Kiti Kilichoachwa Wazi kwa Heshima

Bodi ya ushirika wetu wa dagaa ilikuwa na wajumbe watano, na watatu kati yao walitaka kuuza ufukwe. Tuliokataa tulikuwa wawili: mimi na mama mmoja wa Kiseke, mtu mzima aliyenifundisha kazi. Bila ule mchanga tungeanika wapi? Lakini ilikuwa miaka ya soko huria, na tajiri mmoja alitaka kujenga pale kiwanda cha minofu ya sangara. Kilichotukinga ni katiba yetu. Ilisema mali haiuzwi mpaka theluthi mbili ya wajumbe waliopo madarakani wakubali, na watatu kati ya watano hawafiki hapo.

Kisha yule mama akafa, homa ya ghafla tu. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Msibani mwenyekiti akasimama, akasema kwa upole kwamba kiti chake kisijazwe mpaka matanga yaondolewe. Kwetu ndivyo ilivyo, nafasi ya marehemu haigombaniwi kaburi likiwa bichi. Wazee wakaitikia, wanawake wakafuta machozi. Mimi roho ilikataa. Mtu yule hajawahi kuheshimu hata foleni ya bomba, leo aheshimu maiti?

Wiki hiyohiyo akaitisha kikao. Nikamwambia matanga bado.

“Matanga yanazuia kujaza kiti, dada,” akajibu. “Hayazuii kikao.”

Tukakaa. Kiti cha marehemu kilikuwa kimefunikwa khanga yake. Nje wingu jeusi lilikuwa limeshuka ziwani, na wanawake walikuwa wakikimbia kuzoa dagaa kabla ya mvua. Mwenyekiti akauliza nani anakubali tuuze. Ikapanda mikono mitatu, ileile ya siku zote. Nikangoja aseme haitoshi. Alinitazama tu, na hapo nikahesabu viti. Tulikuwa wanne sasa, na watatu kati ya wanne wanatosha.

“Mmemzika, halafu mnamtumia,” nikasema. Nilitamani kumtemea mate.

Matanga yalipoondolewa, ahadi wakaitimiza. Binti wa marehemu, ambaye naye alianika dagaa palepale, akachaguliwa kukalia kiti. Siku ya kwanza alikuja amejitanda khanga ya mama yake, akatuamkia shikamoo, akaishukuru bodi kwa kumheshimu marehemu. Mwenyekiti akaitika marahaba, kisha akasoma ajenda ya kwanza: siku ya sisi kuondoka ufukweni.