Uhabeshi wa Bati

Mwaka 1936 ulipoanza, katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho, hakuna sanduku lililotoka mlangoni bila kupita mikononi mwa Joab Ogola. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mwembamba, mwenye vidole vyeusi hata siku ya Jumapili, kwa maana wino wa masanduku hausikii sabuni. Kazi yake ilikuwa kukata herufi katika vipande vya bati, kulaza bati juu ya ubao wa sanduku na kupitisha brashi. Akiinua bati, maandishi yanabaki: jina la shamba, uzito wa chai, Mombasa, London. Miaka tisa aliyaandika hayo. Jina lake mwenyewe halikuwa limechapwa popote, na jambo hilo lilimkera kuliko alivyopenda kukiri.

Basi Phelix, ndugu wa mkewe Jerusa, alipokuja likizo kutoka chuo cha Kampala, Joab alimpokea kama mgeni wa serikali. Phelix aliandamana na mwenzake wa chuoni, Zacheus Nganga, kijana wa Kiambu mwenye miwani na haraka nyingi. Wawili hao walikuwa wahariri wa jarida la wanafunzi lililozungumzia mambo ya ulimwengu: mikutano ya Geneva, bei ya pamba, na sasa vita vya Waitaliano huko Uhabeshi. Matoleo mawili yalikuwa yamechelewa. Mkuu wa chuo aliwaambia waziwazi kwamba la tatu likichelewa, jarida limekufa. Kwa hiyo walikuja na mashine yao, fremu ya mbao yenye kitambaa chembamba na rola ya wino, ili wamalizie kazi likizoni. Lori la chai lingewapeleka stesheni ya Kedowa Jumatatu asubuhi.

Jumamosi mchana kurasa zote zilikuwa tayari, nakala sitini, isipokuwa ukurasa wa nne uliongojea ramani ya Uhabeshi. Karatasi ya nta, ile ya kuchorea kabla ya kupitisha rola ya wino, ilikuwa imebaki moja tu.

"Nipeni mimi," Joab alisema. "Kuchora naweza. Na chini muandike jina langu."

Zacheus akakohoa. "Kuchora, chora, Bwana Joab. Lakini jina, hapana. Jarida ni la wanafunzi, na sheria yetu inataka majina ya wanafunzi tu."

"Hata mimi ni mwanafunzi. Nilifika darasa la tatu."

"Si uliacha, shemeji?" Phelix akauliza huku akicheka.

"Nilipumzika," Joab akajibu.

Hata hivyo alikubali. Zacheus akamkabidhi kalamu ya chuma, akamweleza kwamba aikwaruze nta polepole, ili wino upite pale palipokwaruzwa. Katika maelezo yote hayo, Joab alishika moja: wino upite. Kwa mtu wa masanduku, wino hupita kwa njia moja tu. Vijana walipokwenda mtoni kuoga, aliiweka kalamu kando, akatoa kisu chake kidogo na kuukata mpaka wa nchi kuuzunguka pande zote. Aliacha vishikizo vinne vyembamba, sehemu zisizokatwa, kama anavyoacha siku zote ndani ya herufi O ili katikati pasianguke. Akaitazama kazi yake, akaipenda.

Lakini bati lina nguvu, na karatasi ya nta haina. Zacheus alipopitisha rola mara ya kwanza, vishikizo vyote vinne vikakatika. Uhabeshi mzima ukang'oka, ukajibandika kwenye rola na kuanza kuzunguka nayo.

Kisha Zacheus akavua miwani. "Waitaliano wamepigana miezi mitatu," alisema, "na wewe umeing'oa nchi nzima kwa rola moja!"

Phelix alijaribu kujizuia, akashindwa, akaketi chini akicheka mpaka machozi yakamtoka. Joab hakucheka. Karatasi nyingine ilikuwa Nairobi, na kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa kumeshachapwa: "Tazama ramani inayofuata." Jarida la watu lingekufa kwa mkono wake.

Jerusa alikuwa akisikia yote kutoka jikoni. Akatoka na mwiko mkononi. "Baba Marcella, kwani masanduku yote yale unayaandika na nini? Na ulimi?"

Joab akamtazama mkewe, akaruka. Alitafuta debe la mafuta ya taa lililokuwa tupu, akalipasua, akalinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Akakata tena mpaka ule ule, na vishikizo vyake vinne. Nakala tatu za kwanza zililowa wino mpaka Ondieki, jirani yao wa kazi ya tanuru, akauliza kama hiyo ni ngozi ya mbuzi. Joab akaikausha brashi kwa gunia. Nakala ya nne ikatoka safi, nyeusi, imenyooka.

Zacheus akaigeuza huku na huku. "Lakini mpaka una milango minne."

"Bati bila vishikizo huanguka. Umeona mwenyewe."

"Mwache, Zacheus," Phelix akasema. "Kama nchi haina milango, Waitaliano waliingilia wapi?"

Zacheus akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha akakuna kichwa. "Ile sheria yetu, Bwana Joab, ni ya majina tunayoyachapa sisi kwa mashine. Juu ya bati haisemi kitu."

Joab hakungoja aambiwe mara mbili. Alikata jina lake chini ya ramani, herufi kwa herufi, na kwa kuwa mkono wake ulizoea masanduku, likatoka refu kama mkoa mzima.

"Hee! Uhabeshi umekuwa kitongoji cha Ogola," Jerusa akasema.

"Bati limeshakatwa," Joab akajibu, akachovya brashi.

Jumapili baada ya ibada alimaliza nakala zilizobaki, na Jumatatu lori likaondoka nazo. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya Phelix, na Jerusa akaisoma mbele ya nyumba. Jarida lilifika siku mbili kabla ya tarehe. Mwalimu wa jiografia aliitundika ramani ukutani, kisha akauliza, "Huyu Joab Ogola ni mwanafunzi wa mwaka wa ngapi?"

"Rudia hapo," Joab akasema.

Jerusa akarudia.

"Hapo tu, penye swali."

"Mara ya tatu utajisomea," Jerusa akasema, akamtupia barua mapajani. "Mimi mboga zangu zinaungua."