Gesi Inayolala Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vya misa, maana nyumbani tulikuwa tumetangaza kwamba mimi, Papa wao, nimepata kazi ya laboratoire. Kumbe laboratoire ilikuwa hangari ya mabati nyuma ya karakana za Butembo, na kabla ya chakula cha mchana viatu vilikuwa vyeusi, na mimi mwenyewe mweusi kuvishinda. Nilikuwa mtu mzima tayari. Nilimaliza sekondari kwa alama za huruma, na tangu nizaliwe sikupenda kwenda mahali ambapo sioni moshi wa jiko langu. Ninyi vijana mnaouliza kazi ya charbon actif, makaa ya kunasia gesi, ilifanywaje, nitawaambia, lakini msitegemee niseme kwa upole. Hasira yangu haijapoa.

Siku hiyohiyo Directeur, mkuu wa mradi, alitupatia somo. Alimimina siki juu ya bikarbonate ndani ya beseni, ikatoa povu, ikatulia. Akawasha mshumaa, akaushusha taratibu. Ulipofika chini ukazimika. Akauwasha tena na kuushika juu ya beseni, ukaendelea kuwaka.

“Munaona? Hii gesi carbonique iko nzito kuliko hewa. Inashuka, inalala chini sawa maji. Mutu akilala mule, anakufa bila kulia.”

Tulimpigia makofi. Yakumbukeni makofi hayo, maana mtu yule alijua. Asingejua, leo ningekuwa mzee mpole.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulichukua maganda ya kakao, maganda magumu ya ngazi, tunda la mchikichi, na parche, yaani ngozi kavu ya kahawa, vitu ambavyo mkulima anavitupa pembeni ya shamba. Tuliyachoma ndani ya pipa lililofungwa, hewa isiingie, mpaka yakawa makaa. Makaa tuliyasaga, tukayaloweka katika potasse, dawa kali ya kemia, tukayapika mara ya pili kwa moto mkali zaidi, kisha tukayaosha mpaka maji yatoke safi. Hapo makaa yanakuwa na vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Tuliyajaza katika bomba nene tuliloliita kolone, tukapitisha humo moshi wa groupe, yaani jenereta, ukiwa umepoa, na gesi carbonique, ile inayoipasha dunia joto, ikanaswa mle vitunduni.

Sasa makaa yakishiba, lazima uyapashe moto ili yaiachie gesi, ndipo yaweze kufanya kazi tena. Gesi hiyo ilipaswa kusukumwa na compresseur, mashine ya kuishindilia, mpaka ndani ya chupa, iuzwe kwa watengenezaji wa sucré, yaani soda. Compresseur ilikuwa “iko njiani” siku niliyoanza, na ilikuwa bado njiani siku niliyoondoka. Donc, basi, tulikuwa tunaikamata gesi asubuhi na kuifungulia jioni, kama polisi fulani na wezi wao. Siku moja nilimwuliza Directeur kwa nini tusizime groupe tu, tukamaliza shida. Alicheka, nami nikacheka. Mimi nilicheka kwa muda mrefu zaidi.

Halafu wakanihamishia Beni, kwa sababu kakao iko huko. Kwa mtu wa kawaida Beni ni safari fupi. Mimi niliaga familia kama mtu anayepanda ndege.

Huko alikuwepo Chef de site, mtumishi kutoka mkoa mwingine, mrefu, shati nyeupe kila siku. Saiti ilikuwa chumba kimoja cha bloku, mlango wa chuma, dirisha hakuna. Beni ni mji wa vita, watu hawajengi ukuta wenye matundu. Upande mmoja mimi napasha kolone. Upande wa pili bamama wanachambua maganda, wamekaa kwenye viti vifupi vya kienyeji, vile ambavyo magoti yanakaribia kidevu. Na gesi yote tuliyoikamata nilikuwa naiachilia humohumo.

Bamama walianza kulalamika kichwa. Mkubwa wao, Mama Masika, alimwambia Chef mbele yangu: “Chef, humu ndani tunasikia vibaya. Pumzi inakuwa fupi.”

“Mimi nasimama hapa na ninyi, sisikii kitu,” Chef akajibu. “Bamama ba Beni, uvivu tu! Mulikula nini asubuhi?”

“Tulikula uvivu, Chef,” Masika akasema, na wenzake wakacheka. Mimi pia. Nami nilikuwa nimesimama.

Kisha siku moja Kavira, mdogo kuliko wote, mwenye mtoto anayenyonya nyumbani, aliinama kuokota maganda yaliyoanguka, kichwa kikabaki ndani ya kikapu. Tulimtania: “Kavira, bwana hakukuacha ulale?” Masika akamwinua kichwa, kikaanguka tena. Tulimbeba mpaka nje, tukamlaza uani. Alivuta pumzi kwa kelele, akafungua macho na kuuliza: “Miguu yangu iko wapi?”

“Ni malaria,” Chef akasema. “Mumupeleke ku centre de santé.”

“Chef, ni gesi,” nikamwambia. “Tutoboe ukuta pale chini, itoke.”

“Tundu? Bageni benye kutoa feza bafike baone tunaikamata, tunaitupa inje? Papa, unataka kufunga projet?”

“Donc bamama njo bataivuta yote?”

“Rudia kazi, Papa.”

Nilimpigia simu Directeur, yeye mwenye mshumaa. Akaniambia: “Chef de site njo anajua terrain, kazi ya pale.” Akakata.

Keshoye, mchana kweupe, nilichukua nyundo na kutoboa ukuta, chini kabisa, usawa wa viti. Wiki haikuisha nikaambiwa umri wangu wa kupumzika umefika. Adhabu ya kunirudisha nyumbani! Wangenijua vizuri wangenipeleka Lubero, mji mwingine tena.

Basi niko nyumbani, nimenenepa, nagombana na kuku. Watu wananipongeza kwa kuisaidia dunia ipumue. Dunia gani? Dunia ya nani, ikiwa Kavira hayumo? Kazi ilikuwa nzuri, makaa yalikuwa mazuri, nami bado naweza kuyajua kwa kuyasugua kati ya vidole. Walioiharibu ni wale waliojua gesi inalala wapi, na wakajua ni nani anayekaa hapo.

Juzi Mama Masika alipiga simu. Tundu limezibwa kwa simenti na kupakwa rangi, kwa sababu wageni wamefika.

“Na ninyi muko mule ndani?” nikauliza.

“Hapana, Papa. Tuko inje, bote. Kavira alikamata kiti kimoja kifupi, akakiweka katikati ya chumba, mbele ya bageni, akamwambia: ‘Kaa kwanza, Chef. Ukikaa, tunaingia.’”

“Na yeye?”

“Bado anasimama.”