Tulimngoja Tantine kutoka Lubutu

Enzi zetu, vita ilitufikia kwanza kama majina ya miji. Jioni papa, baba yetu, alikuwa akiegemeza redio sikioni, na kesho yake sisi wasichana wa mtaa wa Tshopo tuliyageuza majina yale kuwa mchezo wa kuruka kamba. Uvira, Bukavu, Goma, Bunia. Aliyejikwaa alikuwa mji uliotekwa. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka mtoni, nyumba zikanukia ndizi za makemba za kukaanga, na jeshi la waasi lililoiteka miji ile lilikuwa mbali kama habari za hadithi.

Siku niliyoita Lubutu, mama alitoka jikoni na majani ya muhogo, pondu ya kutwanga, mkononi.

“Muache ile muchezo,” alisema taratibu. “Kule Lubutu iko mudogo yangu.”

Mdogo wake huyo ni Tantine Riziki, mama yetu mdogo, aliyeolewa huko na Tonton Assani, fundi wa cherehani. Alikuwa na mimba kubwa. Kamba ilibaki chini, na hakuna aliyeiokota.

Majirani walianza kupakia mizigo kwenye pirogue, mitumbwi yao, washuke na mto hadi Isangi. Papa naye alifunga magodoro. “Tuende. Bon, tutarudia ikitulia.”

“Riziki akikuja, akute mulango imefungwa?” mama aliuliza. “Enda na batoto. Mimi niko hapa.”

Papa alimtazama, kisha akayafungua magodoro. Tukabaki wote.

Baadaye askari wa serikali walianza kupita wakikimbia, wengine na mbuzi wa watu mabegani. Mmoja, kijana mwembamba, alimwomba papa suruali ya kiraia. Papa akampa ile ya misa. Askari akaivaa palepale, ikaishia juu ya kifundo cha mguu, akasema “merci, papa” kwa adabu ya mwanafunzi, akaondoka. Mama alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia.

Tantine alifika asubuhi moja, miguu imevimba, mtoto mchanga amefungwa mgongoni kwa kitenge. Alikuwa amezaa porini, njiani. Tulitazama nyuma yake. Barabara ilikuwa tupu.

“Tulipoteana na Assani kwa daraja,” alisema. “Alisema niendelee, atanikuta.”

Mama alimketisha. Alichemsha maji, akamwosha miguu polepole, kidole kwa kidole.

Muda mfupi baadaye jeshi la waasi liliingia mjini, safu ndefu ya vijana waliovaa buti za mpira, kimya, kana kwamba wanatembea usingizini. Watu walipunga matawi ya michikichi kuwakaribisha. Mimi nilimtafuta Tonton Assani kati ya waliokuja nyuma yao, kila uso, hadi macho yakauma. Hakuwemo. Hakuja kamwe.

Mtoto yule wa porini sasa ni mama wa watoto, na wanawe hawawezi kwenda sokoni bila kupanda pikipiki. Mtu akichelewa kidogo wanampigia simu, wasipompata wananuna kama wameonewa. Ninawacheka, lakini ninawaonea wivu pia. Sisi tulikulia katika kungoja kusiko na jibu. Mwaka mzima mama alipakua chakula cha Tonton Assani, akakifunika kwa sahani, na asubuhi akatugawia sisi watoto. Tulikula, na kilikuwa kitamu.